Meno ya Kupulizia

Mtaani kwetu Keko hakuna aliyekuwa akimwita kwa jina lake. Wote tulimwita Bibi Jazz, hata mwenye nyumba. Nilikaa naye nyumba moja tangu nikiwa darasa la sita mpaka mwaka huu nilipo kidato cha tatu, mlango wake ukitazamana na wetu, na bado sijui kazaliwa wapi wala ana umri gani. Nilimuuliza mara moja. Akanijibu, "Mke mwenzangu, umri anaulizwa ng'ombe mnadani." Sikuuliza tena.

"Mke mwenzangu" ni utani wa bibi na mjukuu, ingawa mie si mjukuu wake. Sie ni watu wa Njombe, yeye ni mtu wa Pwani. Siku akiniona nimenuna aliniita Kimya. Wengine wakiniita hivyo naumia, maana ni kweli mie siongei mbele za watu, hata darasani nikijua jibu naliacha lipite. Akisema yeye sikuwa naumia, sijui kwa nini.

Kila Jumapili alasiri alitoka na sanduku jeusi, kavaa baibui, anatembea polepole kama mtu aliyebeba mayai. Wageni wa mtaa walidhani ni cherehani. Ndani ya sanduku kulikuwa na saksafoni, na yeye alikuwa akienda Temeke, kwenye ukumbi wa baa moja karibu na soko, kupiga na bendi yao ya wazee. Alianza kuipiga akiwa msichana, kwenye bendi ya kinamama watupu. Nilipomwambia mama, hakuamini. Alidhani Bibi anatania.

Mie nilidhani jazz ni kitu cha Wamarekani wenye suti. Ndicho nilichokiona kwenye simu ya mama siku tulipopewa shuleni kazi ya kuandika kuhusu muziki. Nikajikaza, nikamfuata uani alikokuwa anafua.

"Bibi, eti nyie mnapigaga jazz ile ya Marekani?"

Alicheka mpaka akashika ukingo wa beseni. "Hao wana yao. Sie tulipenda jina. Enzi hizo kila mji ulikuwa na jazz yake. Mkishakuwa na magitaa na mashati ya kufanana, basi, nyie ni jazz band. Nani angetukatalia?"

"Sasa ndani yake kunakuwaga na nini?"

Akakamua khanga, akatazama milango ya wapangaji kama anayetafuta mtu. "Bendi ni kama nyumba hii ya kupanga. Kuna magitaa matatu. Gitaa la solo ni yule dada wa chumba cha mbele, akifungua mdomo mtaa mzima unajua kaachwa na nani. Gitaa la rizimu ni mama yako. Neno lilelile asubuhi na jioni: osha vyombo, osha vyombo. Ukimtoa, nyumba haiendi."

"Nimesikia, Bibi!" mama akapaza sauti kutoka ndani.

"Nimekusifu, mwanangu! Besi sasa, besi ni mwenye nyumba. Humwoni, ila siku yake ikifika unamsikia tumboni. Drams na tumba ni watoto wa humu, kupiga na kugonga toka alfajiri, na bila wao hakuna anayejua saa ngapi. Mwimbaji ni huyo muuza samaki anayepita, anapita na maneno yake, kesho anakuja mwingine."

"Na saksafoni?"

"Saksafoni na tarumbeta ni wageni. Wanaingia nyumba ikiwa imeshatulia, wanasema neno moja tamu, wanakaa pembeni. Ila siku wasipokuja, kila mtu anauliza, mbona leo hivi?"

Kisha akanifundisha kwamba wimbo wa dansi una vyumba viwili. Cha kwanza watu wanaimba taratibu, mke kamkimbia mume, mtu kafiwa, na wachezaji wameshikana. Halafu magitaa yanabadilika, mwimbaji anakaa kimya, inaingia chemko, na hapo ndipo mwenye kiuno anajulikana. Saksafoni inafungua mlango wa chumba cha pili. Niliyaandika yote, na mwalimu aliandika chini yake "Vizuri, umetoa wapi?" Sikuthubutu kusema nimetoa kwenye beseni la kufulia.

Alikuwa mtu wa mambo yanayogombana. Alichukia makelele kuliko mtu yeyote niliyewahi kukaa naye. Vijana wakifunga spika za singeli, muziki ule wa mbio, kwa ajili ya kigodoro cha usiku kucha, alitoka na fagio. Lakini nilimwona siku moja, kasimama nyuma ya ukuta na fagio lake, kidole gumba kinagonga mpini sawasawa na ngoma. Alipogundua namtazama akasema, "Wana haraka hawa. Sijui wanachelewa wapi." Akarudi ndani.

Alikuwa haachi swala hata moja, na Alhamisi alienda darasa la kinamama msikitini. Jumapili akaenda kwenye ukumbi wenye bia. Dada wa chumba cha mbele alimwuliza waziwazi, mbele yetu, mambo hayo mawili anayapatanisha vipi. Bibi akajibu, "Mimi na Mola wangu tuna mazungumzo marefu. Likifikiwa jambo nitakwambia." Dada akarudi chumbani kwake, na kumrudisha chumbani yule dada si kazi ndogo.

Hakuwa mpole. Hilo naliandika kwa sababu watu wakimkumbuka mzee humfanya sukari. Bibi Jazz alikuwa na kiburi, na mtu akimhurumia alimchukia wiki nzima. Mama alimpelekea mboga siku aliyokuwa na homa. Sahani ilirudi na ndizi mbivu juu yake, na homa bado anayo. Mtu akimpisha kiti alibaki amesimama. Muuza maji alimpunguzia bei kwa sababu ya uzee, akahama kwa muuza maji mwingine.

Saksafoni yake ilikuwa nzee na imetiwa viraka sehemu nyingi. Chini ya kila kibonyezo kuna kipande cha ngozi laini kinachoziba tundu, na zile za asili zilishakwisha. Alikuwa anakwenda kwa mafundi makochi wa barabarani, anaokota mabaki ya ngozi, anayakata kwa mkasi wa kucha na kuyabandika kwa gundi yao. Kwa hiyo saksafoni ya Bibi ina ngozi ya kochi. Fundi mmoja alimtania, "Bibi, nikiisikia inalia natamani kuikalia." Kile kibanzi cha mwanzi kinachofungwa mdomoni mwa saksafoni alikiloweka kwenye kikombe cha chai ya rangi kabla hajapiga. Mara moja nilikunywa chai ile kwa bahati mbaya, kibanzi kikanigusa mdomo. Aliniambia sasa na mie nimeshaingia bendi.

Kuhusu meno tuligundua mwaka jana. Mie niliona anakula muhogo kwa upande. Kumbe meno mawili ya mbele, ya juu, yalikuwa yamelegea kwa muda mrefu, na yeye alikuwa akipiga huku kausogeza mdomo kando ili yasiguswe. Sikujua kama meno yana uhusiano na saksafoni. Nilidhani ni kupuliza tu, kama kupuliza moto. Akanionyesha: meno ya juu yanakaa juu ya kipulizio, ile ncha inayotiwa mdomoni, yanakishika, mdomo wa chini unakuwa mto. "Bila haya mawili," akasema, akiyagusa kwa ulimi, "mie ni mbeba sanduku."

Hospitali walimwambia yang'olewe, na mengine mawili ya pembeni yake pia, maana ufizi ulishaoza. Alikaa na habari hiyo mwezi mzima bila kumwambia mtu, akiendelea kupiga. Siku aliyorudi ameshang'olewa, alifunga mlango. Tulisikia anatembea tu humo ndani.

Kiongozi wa bendi alikuja kumwona. Ni mpiga solo, mwanaume mrefu mwenye mvi, lakini kwa Bibi ni "we mtoto". Alileta machungwa. Bibi aliyatazama, akasema, "Umeniletea machungwa mie nisiye na meno. Au ulitaka niyachezee?"

"Dada, samahani. Niliona yameiva vizuri nikapenda."

Wakakaa barazani. Mie nilikuwa napepeta mchele mlangoni kwetu, na sikujificha, walijua nipo.

"Dada, pumzika," Kiongozi akasema. "Yule kijana wa kinanda ana sauti ya saksafoni mle ndani. Anabonyeza kitufe, inatoka. Anazishika sehemu zako zote."

"Sauti imo. Mtu yuko wapi?"

"Dada."

"Nauliza tu. Akibonyeza, nani anavuta pumzi?"

Kiongozi akasugua goti. Akasema hawezi kumwachia kiti kitupu kila Jumapili, mwenye ukumbi analalamika, watu wanauliza. Mwezi wa Ramadhani hawapigi. Jumapili ya kwanza baada ya Idi wanarudi. "Ukiweza kupiga siku hiyo, kiti ni chako mpaka ukichoke mwenyewe. Usipoweza, nakiondoa, nampa kijana nafasi asogee. Nakwambia mapema ili usisikie kwa watu."

"Umesema kiungwana," Bibi akajibu. "Chukua machungwa yako."

Wiki ile ile akaanza kutafuta meno ya bandia. Mama alinituma nimsindikize kwa fundi wa meno, kwa sababu mguu ulikuwa unamuuma, na niseme ukweli nilitamani ardhi inimeze. Bibi alikwenda na sanduku lake. Fundi, kijana mwenye koti jeupe, alimpa kipande cha nta ya moto akamwambia ang'ate kawaida, kama anavyokula.

"Mie sing'ati hivyo."

"Bibi, kila mtu anang'ata hivyo."

"Wewe unanitengenezea meno ya kazi gani?"

"Ya kula, Bibi. Na kuongea. Na kucheka na wajukuu."

"Kula nitakunywa uji. Mie nataka ya kupulizia."

Akafungua sanduku. Akatoa kipulizio peke yake, akakitia mdomoni pamoja na nta, akauma, akaganda hivyo, macho yamemtoka, anamwashiria fundi kwa mkono achukue kipimo. Watu waliokuwa kwenye benchi walisimama kuona. Fundi alimweleza mara nyingi, kwa adabu, kwamba akipima mdomo ukiwa wazi namna ile, meno ya juu na ya chini hayatakutana na hataweza kutafuna hata wali. Bibi akakataa kutoa kipulizio. Mwishoni fundi akanigeukia mie. "Sista, mwambie bibi yako."

Watu wote wakanitazama. Nikasema, "Amesikia." Ndilo neno pekee nililosema kwenye jengo lile, na Bibi alinisifia kwalo njia nzima.

Meno yalikuja mazuri sana kwa macho. Na fundi alikuwa kasema kweli. Wakati wa kula Bibi aliyatoa, akayafunga kwenye leso, akala uji na maharage yaliyopondwa. Wakati wa kupiga akayavaa. Yaani alifanya kinyume cha dunia nzima. Mama alisikitika, akasema kwa sauti ya chini kwamba mtu mzima akose nyama kwa ajili ya filimbi. Nikamwambia si filimbi. Mama akanitazama kwa mshangao, kwa sababu huwa simjibu.

Tatizo ni kwamba hata ya kupulizia hayakuwa ya kupulizia. Yalitikisika. Ramadhani ilipoanza, Bibi alikuwa akisubiri mpaka amefuturu, kisha anajaribu. Sauti iliyotoka ni ya bata aliyekanyagwa. Inaanza, inapasuka, halafu pumzi tupu, fuuu. Usiku wa pili wa kujaribu, mpangaji mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Bibi, mchinje tu huyo bata tumle!"

"Njoo umshike miguu!" Bibi akajibu, na nyumba nzima ikacheka, na yeye akarudia kulekule.

Mie sikucheka sana. Nilikuwa kitandani na kitabu cha baiolojia, nasikiliza ile fuuu, nahesabu moyoni Idi iko wapi. Nilitaka apate. Nilitaka mpaka nikawa nasali kwa ajili yake, mie Mlutheri, mwezi wa Ramadhani wa watu.

Katikati ya mwezi ule tukahama. Mama alipata kazi ya ukarani kwenye shule ya Kinondoni, na kutoka Keko ni mbali. Siku ya kuondoka Bibi hakutoka kutuaga. Alisema kwa dirishani kwamba kuaga ni kwa wanaosafiri, Kinondoni mtu anaenda kunyoa tu anarudi. Wakati gari la mizigo linageuka nilisikia anapuliza. Bado alikuwa bata.

Basi sikujua kama meno yalikubali. Jumapili ya kwanza baada ya Idi, tulipotoka kanisani, nilimwambia mama nataka twende Temeke. Mama akauliza kufanya nini. Nikasema kumwona Bibi, na sikuwahi kuomba kitu kwa sauti ile. Akatazama gauni lake la kanisani, akasema, "Kwenye baa? Na gauni hili?" Halafu akasema twende.

Ukumbi ni bati juu na feni mbili. Watu wazima wamekaa na supu zao, kinamama wamevaa vitenge vya sare, wazee wawili tayari wanacheza ingawa bendi inajaribu vyombo tu. Mama akaagiza soda, akashika mkoba kwa mikono miwili. Bibi alikuwepo. Kiti chake kilikuwa pembeni ya kijana wa kinanda, saksafoni imelala mapajani, na mdomo wake umefunga kabisa. Hakutuona.

Wimbo wa kwanza, sehemu yake ilipofika, kijana akabonyeza. Ikatoka saksafoni safi isiyo na kosa. Watu wakacheza. Bibi akatazama mbele. Wimbo wa pili vilevile. Niliona Kiongozi anamtazama, mara moja tu, halafu akatazama nyuzi zake.

Wimbo wa tatu ulikuwa wa taratibu. Walipokaribia mlango wa chemko, Bibi akainua saksafoni, akavaa mkanda shingoni, akatia kipulizio mdomoni. Kijana akaona, akaondoa mikono, akaificha kwapani. Sasa Bibi hakuwa na wa kumshikia sehemu yake.

Mashavu yalicheza. Vidole vilikimbia. Hatukusikia kitu. Solo ilikuwa inalia, rizimu inasukuma, tumba zinapasuka, na Bibi anapiga ndani ya yote hayo kama mtu anayeongea dirishani barabara ina malori.

"Mbona hasikiki?" mama akaninong'oneza.

Nilimwona Kiongozi akigeuza kichwa na sikio moja kuelekea upande wa Bibi. Mkono wake wa kulia hauwezi kuacha nyuzi, kwa hiyo alitumia kidole kidogo. Akakipitisha kwenye kile kitufe cha sauti cha gitaa, akakizungusha. Solo ikashuka. Akamtazama mpiga besi, na besi ikashuka. Mpiga drams akaweka fimbo moja chini, akabaki na nyingine kwenye ukingo. Tumba zikapigwa kwa ncha za vidole. Hapo ndipo tulipomsikia. Ilikuwa sauti ndogo, ina mchanga ndani yake, inayumba kidogo kisha inajishika, na ilikuwa inasema ule mstari wote mpaka mwisho. Wachezaji walifupisha hatua ili viatu visikwaruze. Mama aliachia mkoba.

Wimbo ulipokwisha watu walipiga makofi na mie nikafanya kitu ambacho sikifanyagi, nikapita katikati ya ukumbi mpaka mbele kumwamkia. Lakini sikufika kusema shikamoo. Bibi alikuwa amemgeukia Kiongozi, na macho yake nayajua, ndiyo yale ya siku ya mboga za mama.

"Nani kakwambia ushushe?"

"Dada..."

"Umenifanya mgonjwa mbele za watu. Nimekuomba?"

Kiongozi akafuta uso kwa kitambaa. "Sikukushushia wewe. Nilikuwa sikusikii. Miezi yote hii sijakusikia, nikataka kusikia."

Bibi akatoa kipulizio, akakikung'uta mate, akakirudisha. Aliniona, akanipa mkono bila kunitazama, akaushika wangu muda mrefu kidogo kuliko inavyotakiwa.

"Unaofuata," akamwambia Kiongozi, "pandisha."

"Hutasikika."

"Pandisha."

Akapandisha kweli. Nilirudi kukaa na mama, na sikumsikia Bibi Jazz hata kidogo mpaka mwisho wa wimbo ule, niliona vidole tu na mashavu. Hata sehemu ya saksafoni ilipofika, kijana wa kinanda alikuwa bado ameficha mikono kwapani.